Maswali ya wasomaji: Salamu za Kiitaliano na namna ya kuzitamka

Barua za Kiitaliano zimejaa mezani, asanteni sana. Nimechagua zinazogusa salamu na matamshi tu, kwasababu naona hapo ndo wengi mnakwama, na pia kwasababu mtu akikosea salamu yanayofuata yote yanakua magumu. Ya sarufi tutayapangia siku yake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma Bologna nimeanza kujifunza mwenyewe kwenye simu, sasa herufi zao zinanichanganya jamani, nikiona ch nasoma kama ch yetu programu inaniambia nimekosea, nikiona c peke yake nasoma k, mara niko sawa mara nimekosea, alafu g nayo inabadilika badilika. Kuna kanuni yoyote au ni kukariri neno moja moja mpaka mwisho?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa hiyo nafasi. Usikariri neno moja moja, utachoka bure. Kanuni ipo na inafanya kazi karibu kila mahali, we angalia tu herufi inayokuja baada ya c. Ikifuata a, o, u au konsonanti nyingine, c ni k: come inasomwa KO-me, amico ni a-MI-ko. Ikifuata i au e, hapo inageuka kua ch yetu hii hii ya chai na cheka: piacere ni pia-CHE-re, cena ni CHE-na. Sasa Muitaliano akitaka sauti ya k mbele ya i au e anafanyaje, anaweka h katikati ili c isigeuke. Ndo maana chi inasomwa ki, che inasomwa ke, na perché ni per-KE. Kwahiyo ch yao ni k, na ch yetu kwao ni ci au ce. Hiyo sentensi moja iandike uibandike mahali unapoona kila siku, maana macho yako yamezoea ch ya Kiswahili toka darasa la kwanza na hayataacha kwa wiki moja.

G inafuata njia ile ile. Gatto ni g ya gari, lakini giorno na gelato ni j, na wakitaka g ya gari mbele ya i au e wanaweka h, mfano spaghetti. Sc mbele ya i au e ni sh (conoscere, ko-NO-she-re), kwengine ni sk kama ilivyo (scusi, SKU-zi). H ikisimama mwanzo wa neno haina sauti kabisa, hai inasomwa "ai", ho inasomwa "o".

Kuna kitu kingine nataka ukione mapema kwasababu wengi wanakibeba miaka. Kwenye ciao na buongiorno ile i haitamkwi, kazi yake ni kugeuza c na g tu basi. Kwahiyo sio "chiao", ni CHA-o, na sio "bwonjiorno", ni bwon-JOR-no, na hapo kwenye r na n usiingize irabu katikati ukasema "jorino", r iguse n moja kwa moja.

Na nikutie moyo kidogo maana unaandika kama mtu anayeanzia sifuri, wakati huanzi sifuri. Irabu zao zinaandikwa a e i o u na zinasomwa kama zetu. Ukweli e na o zina namna mbili, ya wazi na ya kubana, ila kwenye salamu hakuna atakayeshindwa kukuelewa kwa hilo, hilo liache kwanza. Maneno yao mengi yanaishia na irabu kama yetu. Gn ni ny, signora ni si-NYO-ra, sauti ambayo wageni wengine wanahangaika nayo sana na we umeisema toka utotoni kwenye nyumba na nyanya. Sauti mpya kabisa kwako ni mbili tatu hivi. Z yao ni ts au dz, mfano grazie ni GRA-tsie, na tafadhali ile e ya mwisho itamke, mtu akisema "gratsi" anajulikana pale pale hajafundishwa. Na gli, kama kwenye famiglia: ulimi ulale chini ncha iguse meno ya chini, katikati ya ulimi ipande juu, useme "lya" kwa kukandamiza. Haitakuja siku ya kwanza, na hamna neno.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Naishi Napoli mwaka wa pili sasa naongea vizuri tu ila marafiki zangu wa huku kuna maneno nikisema wanacheka na hawataki kuniambia kwanini. Desemba ndo ilikua balaa, nilimtakia kila mtu heri ya mwaka mpya kazini nikaona watu wanaangaliana. Niliandika vizuri kwenye kadi kwahiyo spelingi naijua.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole. Nadhani najua kilichotokea na bora nikwambie wazi kuliko uendelee. Heri ya mwaka mpya ni buon anno, n mbili. Ukitamka n moja inakua ano, na ano ni tupu ya nyuma. Hapo hapo umri nao: quanti anni hai ni "una miaka mingapi", punguza n moja uone umemuuliza mtu nini. Hawakudharau, wameona aibu tu kukusahihisha.

Hili la konsonanti mbili mi nalipigia kelele kuliko jambo lolote la matamshi ya Kiitaliano, kwasababu Waitaliano hawaziandiki mbili kwa urembo, ni sauti tofauti na inabadilisha maana. Nono ni "wa tisa", nonno ni babu. Sono ni "mimi ni", sonno ni usingizi. Pala ni koleo, palla ni mpira. Caro ni mpendwa, carro ni mkokoteni. Na penne zile za kula, ukipunguza n moja unaagiza kitu ambacho sitakiandika hapa.

Wengi wanasema sisi Waswahili hatuna hiyo sauti, mi sikubaliani. Sema nne kwa sauti. Umeisikia ile n inavyokaa kabla hujafika kwenye e? Sasa sema Allah, au wallahi kama mtu anavyoapa kweli, l inashikwa pale haiachiwi haraka. Ndo hiyo hiyo. Kitu cha kufanya ni kufunga sauti kidogo mahali pa konsonanti, ukae hapo, ndo uachie: buonanotte ni bwona-NOT-te, tutto bene ni TUT-to BE-ne, permesso ni per-MES-so, arrivederci ni ar-ri-ve-DER-chi na hiyo rr ya mwanzo itetemeke kabisa. Usiongeze nguvu ya sauti, ongeza muda. Watu wanakosea hapo, wanapiga konsonanti kwa nguvu badala ya kuishikilia.

Alafu irabu iliyo mbele ya konsonanti mbili inakua fupi, na iliyo mbele ya konsonanti moja kama ina mkazo inavutwa kidogo, kwahiyo nono ni kama "noo-no" na nonno ni "non-no". Rekodi hayo maneno mawili mawili kwenye simu usikilize mwenyewe, kama wewe huoni tofauti basi na wao hawaoni.

Na we uko Napoli, una bahati, kusini wanazishikilia sana hizo konsonanti mpaka wanaongeza pasipokuepo. Mwenzako aliye Veneto, kule kaskazini, anasikia watu wa huko wakizilegeza, akiwaiga wazee wa huko atajifunza nusu.

SWALI: Dada mwalimu za siku, mimi namtunza mama mmoja mzee hapa Torino, siku ya kwanza nilimwambia ciao kwa furaha kabisa na tabasamu, binti yake akaniangalia vibaya mpaka nikaogopa. Lakini huyo mama mwenyewe ananiambia "tu", ile wewe yao, come stai (hujambo), kama mtoto wake. Sasa nashindwa kuelewa, yeye anitumie "tu" mimi nimtumie nini, na ciao si ndo salamu yao wote?

JIBU: Salama mdogo wangu, na asante kwa kuuliza maana najua mko wengi mnaofanya kazi hiyo na hamna wa kumuuliza. Ciao ni ya mtu uliyemzoea: rafiki, ndugu, mtoto, mwanafunzi mwenzako, mfanyakazi mwenzako mliyezoeana. Mama wa umri ule mgeni kwako, humwanzii na ciao, kama vile wewe usingeweza kumwambia mambo vipi bibi yako mkubwa. We umelelewa na shikamoo, kwahiyo hisia hiyo unayo, kilichokosekana ni kujua tu kwa Kiitaliano mstari umepita wapi.

Wao heshima wameiweka kwenye "wewe". Kuna "tu", ya mazoea, na kuna Lei, ya heshima, na kitenzi kinabadilika. Kwa "tu" unauliza come stai, kwa Lei unauliza come sta, hiyo i ya mwisho tu ndo inabeba kila kitu. Lei inatumika kwa mwanamke na kwa mwanaume vile vile, usishangae kwamba neno lile lile pia lina maana ya "yeye" mwanamke. Samahani kwa heshima ni scusi, kwa mazoea ni scusa. Ukikutana na zaidi ya mtu mmoja, come state.

Kwahiyo asubuhi ingia chumbani kwake na buongiorno signora, come sta oggi? Akisema bene, grazie, e tu? (nzuri, asante, na wewe?) wewe jibu bene, grazie, signora. Mkubwa kumwambia mdogo "tu" na mdogo kurudisha Lei inatokea sana na sio dharau. Ila pia wapo watu wazima wengine, bosi mfano, wanaomwambia mgeni "tu" toka dakika ya kwanza kwasababu ni mgeni basi, na hapo una haki kabisa ya kuendelea na Lei yako kwa upole, mwenye adabu ataelewa na atabadilika. Siku huyo mama akikwambia dammi del tu, au diamoci del tu, amekupa ruhusa, hapo sasa ciao inafunguka. Mpaka siku hiyo kaa na Lei. Kuanza juu na kushuka ni rahisi, kuanza chini na kupanda inauma.

Kwenye majina, mwanaume ni signore lakini likifuatwa na jina la ukoo e inadondoka: Signor Rossi. Mwanamke ni Signora Rossi, na kwa wazee wanaotunzwa nyumbani mara nyingi utasikia Signora na jina la kwanza, Signora Maria, hiyo ina heshima na ina ukaribu pia, itakufaa. Daktari wake akija ni dottore au dottoressa, na usishangae kuskia watu wengine wakiitwa hivyo wakati hawatibu mtu, Italia aliyemaliza digrii anaitwa dottore.

Huko kusini unaweza kukuta wazee wanatumia voi, yaani ninyi, kwa mtu mmoja kama heshima. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilijaribu kulazimisha nchi nzima iache Lei itumie voi, haikushika, Lei ikarudi. Wewe Torino hutaihitaji.

Na kama kichwa kimejaa na hujui mtu wa mbele yako umuweke wapi, sema salve, SAL-ve. Haina ukaribu wa ciao wala uzito wa buongiorno, kwa jirani mnayepishana ngazini inatosha kabisa.

SWALI: Buonasera, ile habari za jioni yao, inaanza saa ngapi? Mimi nimetumwa Firenze kikazi miezi michache, nasema buongiorno saa nane mchana wananijibu buonasera kana kwamba nimechelewa kuamka.

JIBU: Hakuna saa rasmi bwana. Toscana, na Firenze iko huko huko, wakishamaliza chakula cha mchana tu wengi wanahamia buonasera. Milano na kaskazini kwa ujumla buongiorno inaenda mpaka jioni jioni. Vitabu vitakwambia kuna buon pomeriggio ya mchana, ipo kweli, ila utaiskia zaidi redioni na kwenye televisheni kuliko mtaani. Fuata anavyokusalimia mwenyeji, akisema buonasera rudisha buonasera, hata kama jua liko kichwani.

La kuangalia zaidi ni buonanotte. Hiyo sio salamu ya kukutana usiku, ni ya kuagana mtu anapoenda kulala. Ukiingia kwenye nyumba ya watu saa tatu usiku unasema buonasera, na mlangoni kabla hujaingia ndani unasema permesso, hata kama wamekufungulia na kukukaribisha. Kuaga mchana kuna buona giornata, jioni buona serata, hizo ni za kumtakia mtu muda uliobaki, kwahiyo husemi buona giornata ukiwa unafika. Arrivederci ni ya kila mahali pa heshima, na ukitaka heshima ya juu kabisa kwa mtu mmoja ni ArrivederLa.

SWALI: Mwalimu mimi l na r zinanipa tabu hata kwenye Kiswahili chenyewe, ni lugha ya nyumbani, je Waitaliano watanielewa?

JIBU: Mara nyingi watakuelewa kwasababu sentensi inasaidia, lakini lifanyie kazi, usilipuuze. Angalia salamu yenyewe: mtu akikuuliza come va (hali vipi), jibu moja zuri ni non c'è male, non che MA-le, yaani sio mbaya. Ukiweka r inakua non c'è mare, hakuna bahari. Pelo ni unywele, pero ni mti wa peasi. Kwa l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno na inabaki pale sauti ikipita pembeni, kwa r inagusa na kuondoka haraka, ikigusa mara nyingi ndo ile rr. Anza na neno moja lenye zote mbili, parlare, polepole sana, par-LA-re, kila siku kidogo. Na usione aibu, hakuna kosa lolote katika lugha uliyonyonya kwa mama yako.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba mkazo wa Kiitaliano ni kama wa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho. Mbona nikisema Napoli naambiwa nimekosea?

JIBU: Ni kweli kwa maneno mengi, sio yote. Napoli ni NA-po-li, na miji mingine inaenda hivyo hivyo: GE-no-va, MO-de-na, PA-do-va, RI-mi-ni, BRIN-di-si. Bahati mbaya maandishi hayakuonyeshi, hapo ndo inabidi uskie neno kabla hujalisoma. Kwenye salamu yapo machache: buona domenica (Jumapili njema) ni do-ME-ni-ka, prego (karibu, ya kujibu asante) ikichosha unaweza kujibu asante kwa si figuri, si fi-GU-ri, na kwa rafiki figurati, fi-GU-ra-ti. Pale mkazo unapokua mwisho kabisa wanaweka alama juu ya irabu, kwahiyo a lunedì (tuonane Jumatatu) ni a lu-ne-DI na così così (hivi hivi tu) ni ko-SI ko-SI. Hizo alama sio mapambo, mtu asiziruke.

Aliyeko Italia tayari aulizie shule za serikali za watu wazima, zinaitwa CPIA, wanafundisha Kiitaliano kwa wageni. Aliyeko nyumbani asikilize redio za Rai, shirika lao la utangazaji la taifa, kwenye intaneti, watangazaji wale wanatamka safi, sikiliza dakika moja ya kufungua kipindi na uirudie kwa sauti mpaka mdomo uzoee. Kusoma kimya kimya hakufundishi matamshi.

SWALI: Mwalimu shikamoo, mimi naitwa Chausiku. Kila nikipiga simu ofisini kwao huku Bari wananiita Kausiku, rafiki yangu Juma wanamwita Yuma na Hamisi wanamwita Amisi. Tubadilishe spelingi?

JIBU: Marahaba Chausiku. Msibadilishe hata herufi moja, pasipoti yako na karatasi zako zote zina jina hilo na utajiletea usumbufu mkubwa kwenye ofisi zao. Wanasoma kwa kanuni zao tu: ch ni k, h kimya, j kwao ni y, ndo maana hata Juventus wanaitamka Yuventus. Wewe sema jina lako kama linavyotamkwa, alafu litaje herufi kwa herufi, na wao wana namna yao ya kutaja kwa majina ya miji.

Simu ikipokelewa utaskia pronto. Sema buongiorno, mi chiamo Chausiku, hapo mi KYA-mo. Ukiombwa spelingi: Como, acca, Ancona, Udine, Savona, Imola, kappa, Udine. Acca (AK-ka) ndo jina la h, kappa ni la k. Juma yeye aseme i lunga, Udine, Milano, Ancona. Mwenye w ni doppia vu, mwenye y ni ipsilon. Herufi j, k, w, x na y hazimo kwenye alfabeti yao ya asili ya herufi 21, kwahiyo wakisita kidogo uwavumilie, rudia taratibu. Ukimaliza, grazie, arrivederci, buona giornata, ndo unakata.